Uzoefu wangu: wiki 12 za vitenzi vya maneno mawili na vishazi rejeshi vya Kiingereza

Nilijiunga na kozi hii ya mtandaoni kwa sababu ya ujumbe wa mstari mmoja. Mkuu wa kitengo chetu alituandikia kwamba mafunzo yalikuwa "put off", nami, kwa kuwa nilijua kwamba "off" hutumika katika kuzima taa, nikawaarifu wenzangu kuwa mafunzo yamefutwa. Kumbe yalikuwa yameahirishwa kwa siku mbili tu, na siku ilipofika viti vinne vilikuwa vitupu kwa sababu yangu. Yangekuwa yamefutwa, angeandika "called off". Kijineno "off" ni kile kile katika yote mawili; maana haimo ndani yake wala haimo ndani ya kitenzi, bali hupatikana viwili hivyo vinaposomwa pamoja.

Kozi yenyewe ina somo la dakika 20 hivi kila siku, mazoezi ya kuandika sentensi ambazo programu huzisahihisha papo hapo, na mwalimu anayesoma insha moja kila wiki. Wiki sita za kwanza ni za vitenzi hivi vya maneno mawili au matatu, na sita zinazofuata ni za vishazi rejeshi, yaani vile vinavyoeleza ni kitu au mtu yupi anayezungumziwa, kama "nilichokisoma" katika "kitabu nilichokisoma".

Sehemu ya vitenzi imepangwa vibaya. Somo moja linakusanya "put off", "put on", "put out" na "put up with", yaani kuahirisha, kuvaa, kuzima moto na kuvumilia, eti kwa kuwa vyote vinaanza na neno moja. Nilivikariri asubuhi, na jioni nikawa navichanganya. Ilibidi nivipange upya kwenye daftari kwa mambo yanayohusiana: vya kazini upande mmoja, vya ugonjwa na kupona upande mwingine, vya safari kwingineko. Hapo ndipo vilipoanza kukaa kichwani.

Jambo lililonisaidia zaidi halimo katika kozi hata kidogo, nalo ni kukumbuka kwamba Kiswahili kina desturi inayofanana na hii. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki na tunapiga kelele, wala hakuna anayepigwa. Tunakata tiketi, tunakata rufaa na tunakata tamaa bila kisu. Kitenzi kinabaki kile kile, na neno linalokifuata ndilo linaloamua maana. Tangu nilipoliona hili niliacha kutafuta mantiki ya "up" ndani ya "give up" na kukichukua kitenzi kizima, kama nilivyochukua "kukata tamaa" utotoni bila kuuliza kinachokatwa ni nini. Wala ugumu huu si wa wanafunzi wa leo tu: Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kwamba vitenzi vya namna hii huwatesa sana wageni.

Somo bora la sehemu hiyo ni lile la nafasi ya yambwa, yaani kile kinachotendwa. Unaweza kusema "turn off the light" au "turn the light off", lakini yambwa ikiwa kiwakilishi, ni lazima ikae katikati: "turn it off", kamwe si "turn off it". Kwa upande mwingine, "look after", yaani kutunza, haitenganishwi, kwa hiyo ni "look after them" tu. Somo hili linafundishwa kwa sauti, ukisikia na kurudia, mpaka umbo lisilo sahihi linakukwaruza sikio lenyewe.

Vishazi rejeshi ndivyo vilivyonifanya niikubali kozi hii. Katika insha ya kwanza niliandika "the book which I read it" na "the man whom I saw him", na mwalimu akazungushia duara "it" na "him" bila maelezo marefu. Nilikaa na karatasi ile kwa muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba nilikuwa nikifikiri "kitabu nilichokisoma" na "mtu niliyemwona", ambamo "-ki-" na "-mw-" vina haki yao kamili. Kiingereza kikishataja kitu mwanzoni mwa kishazi, hakikirudii. Aidha, kinaruhusu kirejeshi cha yambwa ("which" au "whom") kiachwe kabisa, "the book I bought", jambo ambalo Kiswahili sanifu hakikubali. Kirejeshi cha kiima, yaani cha mtendaji, hata hivyo, hakiachwi: ni lazima useme "the man who lives here". Nayo mikato hubadili habari: "my sister who works at night" ni mmoja kati ya dada zangu kadhaa, ilhali "my sister, who works at night," hudokeza kwamba ninaye mmoja tu.

Wiki ya mwisho inaunganisha sehemu zote mbili, nami ningependa ingekuwa ndefu zaidi. "The children she looks after" na "the job I turned down" (kazi niliyoikataa) zinaacha kijineno kikining'inia mwishoni. Unaweza kusema "the house in which I live", lakini huwezi kusema "the job down which I turned", kwa sababu "down" hapo ni sehemu ya kitenzi chenyewe.

Dosari kubwa ni programu ya kusahihisha. Niliandika "I turned the offer down", ikanikatalia, ikitaka "I turned down the offer" peke yake, ingawa somo la wiki ya tatu lilikuwa limefundisha kwamba zote ni sahihi. Kwa mwanafunzi asiyejiamini, kosa hilo linaweza kumfutia alichokwisha kukijua. Niliwaandikia wahusika, wakaahidi kurekebisha, na mpaka namaliza kozi hali ilikuwa ile ile. Kwa hiyo nilianza kunakili kila sentensi iliyokataliwa na kuiambatisha kwenye insha ya wiki. Kati ya 11 nilizompelekea mwalimu, alizipitisha tisa.