Kotesheni ya kubadilisha mitambo ya bwawa la kuogelea, Nakuru: nilichokubali na nilichorudisha

Bwawa lenyewe liko Milimani, Nakuru. Urefu ni mita 8, upana mita 4, kina kinaanzia mita 1 na kuishia mita 1.8. Wastani wa kina ni mita 1.4, kwa hiyo 8 × 4 × 1.4 inatupa karibu mita za ujazo 45, yaani lita 45,000. Naanza na hesabu hii kwa sababu kotesheni niliyoletewa haikuwa nayo, na bila hiyo huwezi kujua kama mstari wowote wa bei unafaa au haufai.

Kotesheni ya kwanza ilisoma hivi: pampu ya HP 1.5, Sh78,000, chujio la mchanga la kipenyo cha milimita 500, Sh72,000, mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi, Sh165,000, taa mbili za LED, Sh29,000, "mabomba na viungo", Sh45,000, kazi, Sh60,000, "usafiri na mengineyo", Sh18,000. Jumla Sh467,000, na VAT ya asilimia 16 ikaifikisha Sh541,720. Asilimia 80 ilitakiwa kabla ya kazi kuanza.

Mkandarasi nampa nyota tatu kati ya tano. Alifika siku aliyosema, aliandika modeli kamili ya pampu na ya chujio (wengi huandika "pampu nzuri" tu), na aliporudishiwa karatasi aliikubali na kuiandika upya bila malipo. Nyota mbili zimepotea kwa sababu vifaa alivyovichagua havikulingana, na kwa sababu ya jambo moja la usalama nitakalolieleza hapa chini.

Tatizo kubwa lilikuwa pampu na chujio. HP ni nguvu ya mota, haikuambii maji kiasi gani yatapita. Kinachotakiwa kwenye bwawa la nyumbani ni maji yote yapite kwenye chujio mara moja kila saa 6 hadi 8. Mita za ujazo 45 ukigawanya kwa 6 unapata 7.5 kwa saa. Hiyo ndiyo namba mama. Chujio, bomba, pampu na mashine ya klorini vyote vipimwe nayo.

Chujio la milimita 500 lina eneo la mchanga la mita za mraba 0.196. Mchanga huchuja vizuri maji yakishuka kwa kasi ya mita 30 hadi 40 kwa saa, na kikomo kinachoandikwa kwenye vibandiko vya machujio mengi ya nyumbani ni 50. Zidisha 0.196 kwa 50, unapata mita za ujazo 9.8 kwa saa. Pampu ya HP 1.5, ukisoma grafu yake, hutoa karibu 20 upinzani wa mabomba ukiwa mita 10 za maji. Hiyo ni maradufu ya kile chujio linachokibeba. Mchanga ukisukumwa hivyo huchimbika mifereji, uchafu mwembamba unapita kwenye mifereji hiyo na kurudi bwawani, na maji yanabaki na ukungu hata klorini ikiwa sawa. Hapo ndipo watu huanza kununua dawa za kusafisha maji wiki baada ya wiki, kumbe kosa liko kwenye kibandiko cha chujio.

Bomba nalo lina kikomo chake. Hapa skima (tundu la ukutani linalovuta maji ya juu) na shimo la chini zimeunganishwa chini ya ardhi kwenye bomba moja la kuvuta la milimita 50, ambalo ndani lina takriban milimita 45. Upande wa kuvuta, kasi ya maji isizidi mita 1.5 kwa sekunde, na kwa bomba hili kasi hiyo ni karibu mita za ujazo 8.6 kwa saa. Ukitaka kupitisha 20, kasi inafika mita 3.5 kwa sekunde. Kwa kweli pampu haitafika 20. Bomba litaibana na umeme utaishia kwenye msuguano. Kwa hiyo HP kubwa kwenye bomba la zamani haileti maji mengi zaidi kwa kadiri ya pesa unayoilipa.

Kwa Nakuru kuna jambo la ziada ambalo sijaona likiandikwa kwenye kotesheni yoyote: mwinuko. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Pampu haivuti maji kwa nguvu zake yenyewe. Hewa ndiyo inayoyasukuma kuingia bombani. Pwani hewa inaweza kuinua safu ya maji ya kama mita 10, hapa ni kama 8. Pampu iliyokaa juu ya usawa wa maji, yenye bomba jembamba na HP kubwa, itaanza kutoa mlio kama wa kokoto ndani yake: maji yanachemka kwa kukosa shinikizo, na viputo vikipasuka vinakula impela (gurudumu linalosukuma maji) na kuharibu sili inayozuia maji kufika kwenye mota. Mota za kawaida pia hukadiriwa kwa mwinuko wa hadi mita 1,000. Juu ya hapo hewa nyepesi huipoza mota kidogo tu, kwa hiyo chumba cha pampu lazima kiwe na matundu pande mbili, moja chini na moja juu. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, jambo hili halisumbui sana.

Na kama pampu imeletwa kutoka Marekani, soma kibandiko kabla ya kulipa. Umeme wetu ni volti 240 na hezi 50. Mota ya hezi 60 ikiunganishwa hapa huzunguka kwa tano ya sita ya kasi yake na huelekea kupata joto.

Nilichoomba badala yake ni chujio la milimita 600 na pampu ya HP 1 ya kasi inayobadilika. Eneo la chujio la 600 ni mita za mraba 0.283: maji ya 7.5 kwa saa yanapita kwa kasi ya 27 tu, mchanga unafanya kazi yake kwa utulivu. Lakini usikimbilie pampu ndogo kabisa. Kuosha mchanga kwa kurudisha maji kinyume kunahitaji kasi ya 40 hadi 50, yaani mita za ujazo 11 hadi 14 kwa saa kwa chujio hili. Pampu isiyofika hapo haiinui mchanga, na uchafu unagandamana ndani mpaka mchanga unakuwa kama tofali. Kwa hiyo pampu iende kasi kamili wakati wa kuosha, kisha ishushwe hadi nusu kwa kazi ya kila siku. Bomba la 50 litalalamika kidogo kwa zile dakika tatu za kuosha, si neno.

Faida ya kushusha kasi iko kwenye tokeni za umeme. Kasi ikishuka nusu, maji yanapungua nusu, lakini nguvu inayohitajika inashuka hadi moja ya nane kwa hesabu ya kanuni. Ukihesabu hasara za mota na elektroniki, weka robo kilowati. Pampu ya HP 1.5 huvuta karibu kilowati 1.5 kutoka ukutani. Kwa saa 8 ni yuniti 12 kwa siku, 360 kwa mwezi. Ile ya nusu kasi ni yuniti 2 kwa siku, 60 kwa mwezi. Zidisha tofauti ya yuniti 300 kwa bei unayonunulia tokeni, uone pampu ya bei ghali itajilipa kwa miezi mingapi. Elektroniki zake lakini zinaogopa radi na umeme unaorudi kwa kishindo, kwa hiyo kinga ya mawimbi ya umeme iwe kwenye kotesheni.

Sasa lile la usalama. Bwawa hili lina shimo moja tu la kuvuta maji chini. Kotesheni iliongeza nguvu ya pampu bila kutaja kifuniko cha shimo hilo. Mtoto akikaa juu ya shimo lenye kifuniko bapa au kilichovunjika wakati skima imefungwa, pampu inaweza kumshikilia chini, na nywele ndefu zinaweza kujisokota ndani. Yeyote anayebadilisha pampu anapaswa kuanzia hapo: kifuniko kilichoinuka cha kuzuia maji kuzunguka, chenye kiwango cha maji kilichoandikwa juu yake, skrubu zake zote zikiwepo, na shimo la chini lisiachwe likivuta peke yake. Kwa bwawa jipya, mashimo mawili yaliyoachana angalau mita moja ni bora zaidi. Nilimwambia, "Fundi, bila kifuniko hiki hatutaanza," naye akakiongeza siku hiyohiyo.

Mashine ya chumvi nimeiondoa kwa sasa. Si kwamba ni kifaa kibaya. Kotesheni haikusema inatoa gramu ngapi za klorini kwa saa, na hicho ndicho kipimo chake. Chini ya jua la hapa karibu na ikweta, hesabu miligramu 2 hadi 3 kwa lita kila siku: kwa lita 45,000 ni gramu 90 hadi 135, na pampu ikiwashwa kwa saa 8 unahitaji mashine ya gramu 11 hadi 17 kwa saa. Nunua ya 20. Chumvi nayo haikuwekwa kwenye bei: gramu 4 kwa lita ni kilo 180, magunia saba na kitu ya kilo 25, na iwe ya mawe isiyotiwa madini ya joto.

Sababu ya pili ni maji yenyewe. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina bikaboneti nyingi ya sodiamu, pamoja na ile floraidi inayotia meno rangi ya kahawia. Bikaboneti hupandisha pH na kuifanya ing'ang'anie juu, na mashine ya chumvi huipandisha zaidi. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali inayoua vijidudu. Ikifika 8 inabaki kama robo au chini. Chokaa nayo inaganda kwenye bamba za mashine. Pima kwanza: alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isibadilike) iwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita, pH 7.2 hadi 7.6. Ikiwa kisima chako kiko juu sana ya hapo, bajeti ya asidi iandikwe kabla ya mashine. Mpaka hapo, klorini ya unga ya asilimia 65 inatosha: gramu 140 hadi 210 kwa siku, kilo 4 hadi 6 na kidogo kwa mwezi, iyeyushwe kwenye ndoo ya maji jioni jua likishatua. Unga utiwe kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya unga, na usiuweke kabati moja na asidi.

Mengine kwa ufupi. "Mabomba na viungo" ilibidi yafunguliwe kuwa idadi: mita ngapi, elbo (kona) ngapi, yunioni (kiungo cha kufungulika) kila upande wa pampu ili ifunguliwe bila kukata bomba. Taa ziwe za volti 12 zenye transfoma iliyo mbali na maji. Saketi nzima ipitie swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampea 30, na kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Taima iwe na betri, la sivyo stima ikipotea kwa saa mbili, ratiba nzima inasogea. "Mchanga" uandikwe mchanga wa silika wa milimita 0.5 hadi 1, kilo 150. Wa mtoni una udongo na chembe za kila saizi, haufai. Wengine husifu machujio ya diatomaiti, udongo uleule unaochimbwa Kariandusi pale Gilgil. Yanachuja vizuri kweli, ila yanataka mtu wa kuyahudumia.

Kotesheni ya pili ilikuja hivi: pampu Sh118,000, chujio na vali ya njia sita (ya kuchagua kuchuja au kuosha) na mchanga Sh104,000, mabomba na kifuniko Sh38,000, taa na transfoma Sh36,000, umeme Sh27,000, kazi Sh60,000. Jumla Sh383,000, na VAT ya Sh61,280 inafika Sh444,280, kwa ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa KRA. "Mengineyo" yametoweka.

Malipo tulikubaliana asilimia 40 vifaa vikifika vikiwa na namba zake za utambulisho za kiwandani na karatasi za dhamana, 40 kazi ikiisha, na 20 baada ya siku 14. Hiyo 20 inategemea vipimo. Gundi ikae saa 24, kisha mabomba yapimwe kwa bar 2 kwa saa moja bila geji kushuka. Chujio lijazwe maji nusu kabla ya mchanga kumiminwa, ili vidole vya plastiki vilivyo chini visivunjike. Vikivunjika utauona mchanga ukitoka kwenye matundu ya kurudishia maji. Vali isigeuzwe pampu ikiwa inazunguka, maana gasketi yake inang'oka. Kisha mchanga uoshwe kinyume mpaka maji yanayoonekana kwenye kioo cha vali yawe safi, na presha ya siku hiyo iandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa chujio. Ikipanda nusu bar juu ya hapo, ndio wakati wa kuosha tena. Siku ya 14 tunaangalia namba hiyo, viputo kwenye matundu ya kurudishia maji, na kama sakafu ya upande wa kina inaonekana waziwazi.