Kebo, antena na dishi: uzoefu wangu hapa Mwanza

Tunakaa Kirumba, upande unaotazama ziwa, na nyumba yetu imepitia njia zote tatu: kebo ya mtaani, king'amuzi cha antena na king'amuzi cha dishi. Majirani hawaishi kuniuliza wanunue nini. Wakienda mjini, mawakala wanawapa orodha ya chaneli. Kwa Mwanza mimi naona chaneli zije baadaye, kwanza tujue nyumba yako imekaa wapi.

Kebo ndiyo tuliyoanza nayo, na niliipenda kweli. Waya unashuka kutoka kwenye nguzo, unachomekwa nyuma ya TV, basi. Hakuna king'amuzi wala kadi. Sebuleni wanaangalia taarifa ya habari, watoto chumbani wanaangalia katuni, kila TV na chaneli yake, malipo ni yaleyale. Kwa dishi, king'amuzi cha kawaida kinahudumia TV moja. Ukitaka ya pili ionyeshe kitu kingine, unanunua kingine na kulipia tena.

Mvua haikuisumbua kebo. Iliyoiangusha ni umeme. Mawimbi yanafifia kadiri yanavyosafiri ndani ya waya, kwa hiyo njiani huwekwa amplifaya za kuyapa nguvu upya, nazo zinahitaji umeme. Ukikatika kwenye mtaa wenye amplifaya, sisi wenye taa tunabaki na kioo cha buluu. Bibi yao watoto alikuwa akiuliza mbona Luku ina yuniti za kutosha na TV haionyeshi. Ukipiga simu ofisini kwao, inaita mpaka inakatika. Tukaacha kulipia.

Inaniuma, maana waya ndio wenye uwezo mkubwa kuliko vyote. Marekani, DirecTV ilipoanza kuuza dishi dogo lenye picha ya dijitali mwaka 1994, kampuni za kebo zilitikiswa. Miaka iliyofuata zikajibu kwa kupitisha intaneti ndani ya waya uleule wa TV. Setilaiti iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kukuletea picha inaweza, lakini kupokea na kujibu maombi yako haraka kama waya haikuweza. Waya wetu wa mtaani ulibaki wa kuleta tu, miaka yote, huku nguzo zikiwa tayari zimesimama milangoni mwa watu.

Antena niieleze kwa kifupi. Mwanza mitambo ya analojia ilizimwa mwanzoni mwa 2013, na tangu hapo hakuna tena habari ya kuvumilia chenga: ama picha inakuja safi, ama inaganda vipandevipande. Mvua haiigusi sana. Adui yake ni majabali. Ukiwa nyuma ya mwamba kule Igogo au Mabatini, mnara usiouona hautakupa kitu, hata ufunge antena ya bei gani.

Sasa dishi, ambalo ndilo linalouzwa zaidi, na wanaolinunua wengi wanafuata mpira. Mwaka 2021 Azam TV ilisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Anayetaka kuiangalia Simba na Yanga sebuleni kwake, badala ya kubanana banda umiza, hahitaji kuelezwa zaidi. Teknolojia wanazotangaza, picha ya HD na programu za simu, ni nzuri, lakini mechi ndiyo inayomtoa mtu hela mfukoni. Hizo programu za simu nazo zinakula bando, na goli unalisikia kwa jirani kabla hujaliona.

Dishi la Azam linaelekezwa kwenye setilaiti ya Eutelsat iliyo nyuzi 7 mashariki. Sisi tuko karibu nyuzi 33, kwa hiyo linatazama magharibi, na kwetu Kirumba magharibi ni ziwani. Wingu zito likiwa bado juu ya maji, kilomita mbili tatu kutoka ufukweni, tayari limekaa katikati ya dishi na setilaiti. Picha inakatika wakati nguo zetu bado ziko kwenye kamba, kavu kabisa. Watu wanadhani kifurushi kimeisha. La DStv linaelekezwa kwenye setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, karibu utosini mwetu, kwa hiyo hilo hukatika mvua inapofika kwako hasa.

Mvua huwezi kuizuia, ila inakukata kwa muda gani, hapo anahusika fundi. Wa kwanza alipanda juu ya bati akawa anauliza "imekuja?", mtoto anajibu "bado!", picha ilipotokea akakaza nati na kushuka. Vuli ilipoanza, kila manyunyu yalitunyima mpira. Wa pili alikuja na mita ya kupimia mawimbi. Akasogeza dishi kidogo sana, akazungusha LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, akakata ncha ya waya iliyoingia kutu na kuifunga upya isipitishe maji. Dishi ni lilelile, king'amuzi kilekile, kampuni ileile. Sasa ni mvua kubwa tu inayotukata, na picha inarudi mapema.

Antena hatujaitoa. Mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipoamuru ving'amuzi vya kulipia vya dishi viondoe chaneli za bure za hapa nchini, wenye antena waliendelea kuziona kama kawaida. Nyumba yenye antena na dishi haipati shida siku wakubwa wakivutana.

Ninachokisubiri ni faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga badala ya umeme. TTCL wanayo huduma ya Faiba Mlangoni Kwako, na mwanga ndani ya faiba ya majumbani hauhitaji amplifaya yenye umeme kwenye kila mtaa. Ikipita nguzo za kwetu nitalipia siku hiyohiyo.

Kwa wanaofunga dishi wiki hii, kabla hujampa fundi hela yake mwambie afungue menyu, akuonyeshe asilimia ya ubora wa mawimbi, siyo nguvu peke yake. Kama hana mita, akaazime kwanza.