Ruger PC Carbine ya milimita 9: nimepima risasi inavyoshuka hadi yadi 200

Sisi tunaoishi Marekani tunaipenda bunduki fupi ya milimita 9 kwa sababu ya mfuko: risasi zake ni nafuu, na mara nyingi magazini (visanduku vya kushikia risasi) za bastola uliyonayo zinaingia. Hii ya Ruger inakuja na tundu la pili la magazini ndani ya boksi, kwa ajili ya zile za bastola za Glock. Unabadilisha mwenyewe nyumbani.

Kilichonisumbua ni umbali. Dukani utaambiwa inapiga yadi 200 (kama mita 183) bila shida. Kupiga ni kitu kimoja, kupata ulipolenga ni kingine, kwa hiyo niliipeleka kwenye uwanja wa shabaha nje ya Phoenix, Arizona, asubuhi kabla upepo haujaamka.

Nilifunga darubini ya nukta nyekundu karibu kabisa na mtutu, nikalaza bunduki kwenye mifuko ya mchanga na kuirekebisha mpaka risasi za uzito wa greni 115 (gramu 7 na nusu hivi) zikawa zinatua kwenye nukta katika yadi 50. Baada ya hapo sikugusa tena skrubu. Kote nililenga alama ileile na kupima kwa futi ya mkanda, kila msimamizi alipositisha ufyatuaji na kuturuhusu kwenda mbele.

Yadi 25, hakuna tofauti ya maana. Yadi 100, matundu yalikuwa sentimita 13 hivi chini ya alama, yamekaa pamoja vizuri. Hiyo bado ni kazi rahisi: unainua nukta kidogo tu. Yadi 150 mambo yakabadilika, nusu mita nzima chini. Kwa yadi 200 niliunganisha makaratasi marefu ya boksi na kuweka alama juu kabisa, na bado risasi zilitoboa karibu na ukingo wa chini, zaidi ya mita moja kutoka nilipolenga, tena zimetawanyika.

Sababu ni mwendo. Mtutu wa inchi 16 unaipa risasi ya greni 115 kasi ya karibu mita 390 kwa sekunde, zaidi kidogo ya bastola. Bunduki ya AR-15 inarusha yake kwa zaidi ya mita 900. Risasi ya milimita 9 ni fupi na nene, hewa inaikamata mapema. Kabla ya kufika yadi 100 imeshashuka chini ya kasi ya sauti. Kadiri inavyokawia angani ndivyo mvutano wa dunia unavyoivuta. Kwenye sahani ya chuma ya yadi 200 unalisikia hilo kwa masikio: unafyatua, unatulia, kisha zaidi ya sekunde moja ndipo mlio wa chuma unakurudia.

Nilijaribu pia greni 147, zile za taratibu zisizofikia kasi ya sauti. Zinapendeza sana kufyatua, lakini kwa marekebisho yaleyale ya yadi 50 zilishuka sentimita 18 kwenye yadi 100. Ukibadilisha risasi, pima upya. Usiamini jedwali la kwenye boksi, maana mara nyingi limepimwa kwa mtutu wa bastola.

Bunduki yenyewe naisifu. Mtutu unatoka na kurudi kwa kuusukuma na kuuzungusha, na nilipouvua na kuurudisha matundu hayakuhama kwa kiasi cha kunitia wasiwasi. Ni nzito kwa risasi ndogo kiasi hiki, kama kilo 3 bila magazini, ila uzito huo unatuliza bega.

Mimi nimeshaamua yadi 100 ndio mwisho wake. Saa nne hivi upepo ulipoanza kuvuma kutoka upande, hata hapo kwenye 100 risasi zilianza kusogea kwa upana wa kiganja.