Uzoefu wangu: KoboCollect, Google Drive na majalada ya msaada wa kisheria

Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Kilosa. Mashauri yetu mengi ni ya mipaka ya mashamba, mirathi na matunzo ya watoto. Naandika kwa wenzangu wa ofisi ndogo wanaojiuliza kama kuhamishia majalada kwenye wingu, yaani kuyahifadhi mtandaoni, kuna tija, au ni mbwembwe za wafadhili tu.

Tija ipo, ila chagua kitu kinachofanya kazi hata mtandao ukikata. Mwanzoni tulipewa mfumo mmoja wa kulipia (jina naliacha). Kwa macho ulipendeza, lakini menyu zote Kiingereza, malipo kwa dola kwa kila mtumiaji, na bila intaneti haufunguki. Ukifika kijijini unarudia kalamu na daftari.

KoboCollect ni programu ya simu za Android. Fomu unaitengeneza kwenye tovuti ya KoboToolbox, unaipakua kwenye simu, basi, unakwenda nayo popote. Yetu tumeiandika kwa Kiswahili kitupu, na maswali hufuata majibu: mama akisema shauri lake ni la mirathi, inauliza tarehe ya kifo, kama kuna wosia, kama msimamizi ameshateuliwa. Akisema ni la shamba, hayo hayatokei.

Kinachonifurahisha zaidi ni picha za nyaraka. Bibi mmoja alifungua pindo la khanga akatoa hati ya mauziano ya shamba, ina mhuri wa serikali ya kijiji, mikunjo imeanza kuachia. “Mjukuu wangu, karatasi hii haitoki hapa.” Wala sikuhitaji itoke. Nilipiga picha pande zote mbili, nikamrudishia, akaikunja vilevile. Zamani tungemwomba aje nayo mjini kutoa fotokopi, na nauli hiyo ni ya nani? Fomu hukaa kwenye simu mpaka mtandao upatikane. Nilipofika barabara kuu niliituma, na wakili wetu aliyeko Morogoro aliisoma jioni ileile.

Ila mjue, Kobo ni ya kukusanya taarifa, si ya kufuatilia kesi. Haitakuambia shauri linatajwa Jumatatu. Kwa hilo tunatumia Google Calendar ya pamoja, na kwangu hiyo ndiyo imeokoa wateja wengi kuliko kitu kingine chochote. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45 tangu uamuzi. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Uamuzi ukisomwa tu, tarehe ya mwisho inaingizwa palepale tukiwa nje ya mahakama, na kengele ya wiki mbili kabla. Mteja mwenye haki yake akichelewa, kazi inageuka kuwa ya kuomba kuongezewa muda.

Google Drive tunahifadhia hukumu na vielelezo, folda moja kwa kila mteja, kwa namba ya jalada na si kwa jina. Nafasi ya bure ni GB 15, na barua pepe zinakula humohumo, hivyo punguzeni ukubwa wa picha mapema.

Usiri ndio unaotaka kichwa kitulie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi, na ina masharti kuhusu taarifa zinazosafirishwa nje ya nchi. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye fomu yetu ni ridhaa: mteja anaelezwa taarifa zake zitakaa wapi na nani atazisoma, ndipo tunaendelea. Hatutumi kamwe kiungo ambacho yeyote akikipata anafungua. Mfanyakazi akiondoka, anaondolewa kwenye folda siku hiyohiyo. Na kwa mashauri ya ukatili wa nyumbani hatumtumii mama ujumbe wowote wa simu kuhusu kesi, maana simu ya nyumbani haina mwenyewe mmoja. Tunapanga naye siku ya kuonana.

Nyota: Kobo tano, kalenda tano, Drive nne kwa sababu ya nafasi. Wenye iPhone, KoboCollect hamtaipata, lakini fomu hiyohiyo hufunguka kwenye kivinjari. Ifungueni mara moja mkiwa na mtandao kabla ya kuondoka ofisini.