Ramanujan au Mpemba: jiniasi ajaye atatokea kwa njia ipi?

Ramanujan, yule mwanahisabati wa India, ni ile stori ya kipaji kinachochemka chenyewe. Karani wa bandari pale Madras, chuo kilimshinda maana alikuwa anasoma hesabu tu mengine anaacha, 1913 akamwandikia barua Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, imejaa fomula, Hardy akashtuka, mwaka uliofuata jamaa yuko Uingereza. Akafa 1920 ana miaka 32 tu.

Erasto Mpemba wetu wa Tanzania ni kitu kingine kabisa. 1963, form three sekondari ya Magamba, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friji inakaribia kuisha, dogo akaona nikisubiri maziwa yapoe nitakosa, akayatumbukiza ya moto hivyohivyo. Yakaganda mapema kuliko ya mwenzie ambaye hakuyachemsha kabisa! Akauliza, akachekwa. Baadae yuko sekondari ya Mkwawa akamuuliza Dk. Osborne, mtu wa fizikia aliyetoka chuo kikuu cha Dar, wenzake wakacheka tena, ila Osborne alienda kujaribu maabara na 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi mpaka leo wanabishana kuhusu hilo.

Kwa ubongo, sibishi, Ramanujan yuko juu sana (na Mpemba mwenyewe aliishia kwenye mambo ya wanyamapori). Ila ukiniuliza nimtafute wapi wa kesho, nachagua njia ya Mpemba. Akina Ramanujan huwezi kuwapanga, wanakuja wakitaka, lakini mtoto mwenye swali la ajabu yupo karibu kila darasa Lushoto, Kisumu, Goma, shida ni kumpata Osborne.