Begi la safari: angalia zipu kabla ya rangi

Saa kumi na mbili asubuhi, bandari ya Bukoba, abiria tunashuka kwenye meli ya usiku kutoka Mwanza. Begi langu la rangi ya krimu, nililolinunua siku nne tu kabla, lilikuwa limebebwa na kijana aliyenisaidia kulishusha. Alipolitua chini, zipu ikaachia kuanzia pembe ya juu hadi katikati ya ubavu. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa gauni langu la sendofu, kitenge chenye mikono ya puto, kazi ya wiki mbili kwa fundi. Vikafuata viatu, nguo za ndani, kila kitu, mbele ya wachukuzi na vijana wa bodaboda. Mama mmoja aliyeshuka na ndoo ya dagaa akavua kanga yake ya juu akafunika vitu vyangu bila kuniuliza neno. Mungu ambariki. Nililifunga begi kwa kamba ya manila na kwenda nalo hivyo hivyo kwenye sendofu ya binamu yangu.

Begi hilo nililipia shilingi 145,000. Tangu nilipoanza kusimulia kisa hiki, kila dada ninayekutana naye ana cha kwake. Mmoja wa Musoma zipu ilimkatalia uwanja wa ndege, asubuhi ya kwenda fungate. Mwingine alifika Ukerewe na begi zima ila limejaa vumbi na harufu ya samaki, kwa sababu zipu ilikuwa imefunguka sehemu ndogo ya nyuma ambayo hakuiona. Kwa hiyo leo naandika kuhusu mabegi, na sitagusa ukubwa, uzito wala matairi. Hayo muuzaji yeyote atakueleza hata usipomuuliza. Nazungumzia zipu, kwa sababu sijawahi kuona mtu dukani akiikagua.

Na sisi tunaopenda kupendeza ndio tunaoumia zaidi. Mtu mwingine akienda Bukoba siku tatu anabeba suruali mbili na mashati. Mimi nina nguo ya kupandia meli, nguo ya picha, nguo ya sherehe, na ya kurudia. Msimu huu ndiyo kabisa: suruali pana za kitani, seti za juu na chini za kitambaa kimoja, magauni ya kitenge yenye marinda mazito, kofia ya ukindu ambayo haikubali kukunjwa. Vitu hivyo vina ujazo. Unalikalia begi, unasukuma kwa goti, unavuta zipu kwa nguvu, halafu safari nzima uzito wa vile vitambaa unaisukuma zipu kutoka ndani. Begi likiingia kwenye buti la basi la Geita chini ya magunia ya mchele, uzito wa juu unaongezeka kwa ule wa ndani. Kinachobeba yote hayo ni kile kipande kidogo cha chuma unachokivuta kwa vidole viwili.

Nilirudi Mwanza na begi langu nikalipeleka kwa mzee mmoja fundi pale Makoroboi, anayeshona mabegi na viatu. Akachomoa kichwa cha zipu kwa koleo, akaniambia, "Mwanangu, meno hayana kosa. Kosa ni hiki." Akakiweka kiganjani pamoja na kichwa kipya alichokitoa kwenye kopo. Akakiinua cha kwangu kuelekea juani, mwanga ukapita katikati ya midomo yake miwili kama unavyopita kwenye ufa wa mlango. Akainua kile kipya, hakikuonyesha mwanga hata kidogo.

Akanifafanulia. Zipu za mabegi mengi si meno ya kweli bali uzi mgumu wa nailoni uliosokotwa kama springi pande zote mbili. Kichwa kikipita kinaubana upande mmoja uingie kwenye mwenzake. Midomo ya kichwa ikipanuka, hata kwa nusu milimita, kinapita bila kubana, na nyuma yake zipu inaachana. Kichwa cha chuma laini hupanuka haraka. Vumbi na mchanga vikiingia ndani humaliza kazi, na vumbi huku kwetu si la kutafuta.

Jambo la pili alilonionyesha ndilo lililonikasirisha. Geuza kichwa cha zipu uangalie mgongoni, mara nyingi utakuta namba: 3, 5, 8 au 10. Namba hiyo ni upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa makadirio ya milimita. Namba 3 ni ya magauni na pochi. Namba 5 ni ya mkoba wa mkononi au koti. Begi la safari linatakiwa 8, na likiwa kubwa 10. Begi langu la shilingi 145,000, la kubeba kilo 23, lilikuwa na namba 5. Mtu aliyelitengeneza alijua anachofanya.

Sasa niyapange mabegi yenyewe, kuanzia ninalolipenda zaidi.

Namba moja kwangu ni Samsonite ya kitambaa, na ya mtumba. Sifichi upendeleo wangu. Kampuni hii ilianzishwa Denver, Marekani, mwaka 1910 na Jesse Shwayder, na jina lake limetokana na Samsoni yule wa kwenye Biblia, mwenye nguvu. Niliyonayo niliipata soko la Mlango Mmoja, nyeusi, imefifia kidogo ubavuni, kwa shilingi 70,000 baada ya kubishana kwa nusu saa. Zipu yake kuu ni YKK namba 10. Imekwenda Bukoba mara tatu, Zanzibar mara moja, imevuka na mimi daraja la Kigongo–Busisi kwenye buti la basi lililojaa. Kichwa bado kinateleza kwenye pembe kwa kidole kimoja. Mtumba una faida ambayo begi jipya halina: zipu imeshajaribiwa na mtu mwingine kwa miaka. Kama bado inabana, itabana na kwako. Rangi si tatizo, nimelifunga kitambaa cha kitenge kwenye mshikio na kushonea kingine mfukoni mbele, na watu wananiuliza nimelinunua wapi.

Kuhusu hizo herufi YKK, zinahitaji maneno yake. Ni kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1934 na Tadao Yoshida, na inajulikana kwa kutengeneza yenyewe hata mashine zinazotengeneza zipu zake. Nikiiona kwenye begi, nusu ya maswali yangu yameisha. Lakini tazama zimeandikwa wapi. Kile kiulimi cha kuvutia kinaweza kubadilishwa na fundi yeyote kwa dakika moja, hivyo herufi za pale peke yake hazithibitishi kitu. Zitafute kwenye mwili wa kichwa chenyewe. Na kwa kuwa hata hizo huigwa, mkono wako ndio shahidi wa mwisho. Kuna zipu za SBS, kampuni ya China, pia, nimeikuta kwenye begi la dada yangu na haijamsumbua. Ningeikubali bila shaka, ila nikiwekewa zote mbili nachukua YKK.

Namba mbili ni begi gumu lisilo na zipu kabisa, lile la lachi, yaani vifungio vya kubana. Unakandamiza kifuniko, lachi tatu zinaingia mahali pake, basi. Samsonite wanayo ya namna hiyo, na wengine pia. Nimeliazima kwa shangazi yangu nikaenda nalo Dar, na kwa gauni la marinda hakuna kama hilo, nguo inatoka haijavunjika. Vumbi haliingii, harufu ya dagaa haiingii. Shida ni mbili. Haliongezeki, ukinunua vitenge vitatu zaidi huko uendako utabeba mkononi. Na ili ulifungue lazima ulilaze nusu kwa nusu, jambo ambalo kwenye chumba cha meli chenye vitanda viwili linamfanya mwenzako akae kitandani miguu juu. Lingekuwa la kwanza kama ningekuwa nasafiri kwa ndege tu.

Namba tatu ni begi la mkononi la wikendi, la ngozi au turubai, lenye zipu ya chuma. Hili ndilo zuri kuliko yote kwa macho. Ukipiga picha Kepripointi hapa Mwanza jua linapozama nyuma ya mawe, au ukisubiri boti ya kwenda kisiwa cha Saanane, linakaa kwenye picha kama sehemu ya mavazi. Zipu ya chuma ni imara, lakini jaribu kwanza kwa kupitisha mgongo wa kiganja juu ya meno. Yakikukwaruza, yatakwaruza hariri na nyuzi za kufuma. Nilipoteza blauzi ya krosheti hivyo, uzi mmoja ulinaswa nikavuta bila kutazama. Na ngozi usiifungie kabatini kipindi cha mvua, kwa unyevu wa ziwani huota ukungu.

Namba nne, mabegi mapya magumu ya zipu, yale yanayong'aa ya rangi ya waridi, krimu na kijani cha pistachio ambayo kila mtu anayataka sasa. Nitayaeleza hapo chini kwa sababu yana ugonjwa wake.

Seti za mabegi matatu yaliyoingizana kwa bei ya moja, sinunui. Lile la plastiki la mirabamiraba, shangazi kaja, ni la kubebea blanketi.

Turudi kwa yale magumu ya zipu. Zipu yake imeshonewa kwenye ganda. Ikiharibika kichwa tu, fundi atakiweka kingine, mimi nililipa 8,000. Ikichanika utepe wenyewe, mafundi watatu niliowauliza Mwanza walikataa kulishona, wakasema sindano ya cherehani haipiti vizuri kwenye ganda lile na tundu likiongezwa linapasuka. Kwa hiyo kabla hujalipa, kunjua kingo uone mishono. Inatakiwa mistari miwili, si mmoja.

Halafu kuna kufuli. Muuzaji wangu aliniongezea 20,000 kwa sababu ya kufuli lenye alama ndogo nyekundu ya almasi, akaniambia ni la kimataifa. Kufuli hilo limetengenezwa ili maofisa wa usalama wa viwanja vya ndege vya Marekani walifungue kwa ufunguo wao bila kulivunja. Sikuwa nakwenda Marekani. Tena kwenye zipu ya kawaida ya nailoni, ncha ya kalamu ya biki inatosha kutenganisha meno katikati, kisha vichwa vilivyofungwa pamoja na kufuli vikapitishwa juu na zipu ikajifunga tena usijue kitu. Usiweke dhahabu humo, kufuli liwepo au lisiwepo.

Nikienda dukani sasa nabeba mfuko wenye vitenge viwili, jinzi na viatu. Najaza begi hapo hapo, nafunga, navuta kichwa kupitia pembe zote nne kwa kidole kimoja. Kisha nabonyeza zipu iliyofungwa kwa dole gumba kutoka nje, na kuisukuma kwa ngumi kutoka ndani. Ikionyesha mwanya, narudisha begi mahali pake na kuaga.

Na hapo ndipo ugomvi unapoanza. "Dada, ukitoa nailoni ya kufunikia begi nitamuuzia nani?" Kwani nanunua nailoni? Duka nililonunua begi la krimu lilikuwa na karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Niliporudi na begi lenye zipu iliyopasuka, baada ya siku saba tu, kijana alininyooshea kidole ile karatasi bila kuinuka kwenye kiti. Risiti niliyopewa ilikuwa ya mkono, haina hata jina la bidhaa. Sasa siondoki dukani bila risiti ya mashine, na namuomba muuzaji mbele ya mtu aseme zipu ina dhamana ya siku ngapi. Wengi hukataa, ila wawili wamekubali wiki mbili, na kwa hao wawili ndiko ninakopeleka watu.

Bei nazo zinapanda kufuatana na ulivyovaa. Nimeuliza begi lile lile mara mbili, siku moja nikiwa nimetoka kanisani na gauni na mkoba, nikaambiwa 160,000. Jumatano nikapita na kanga na ndala, ikawa 110,000. Anayependa mitindo anatozwa faini kwa kupendeza, na hilo linaniuma kuliko hata zipu. Wale wa mitandaoni ndio wamezidi: picha nzuri, begi jeupe kwenye mchanga wa ufukweni, ukiuliza bei unaambiwa njoo inboksi. Ukiomba picha ya kichwa cha zipu mgongoni, kimya. Mimi huuliza hapo hapo hadharani, kwa adabu, na kama hawajibu siendi inboksi.

Ukishapata begi lako, chukua mshumaa mweupe wa kawaida, upake kwenye zipu yote ikiwa imefungwa, halafu fungua na ufunge mara kumi. Ukirudi safari yenye vumbi, sugua meno kwa mswaki mkavu kabla ya kupaka tena. Siku kichwa kikianza kulegea, fundi anakibana kwa koleo taratibu, upande wa kushoto kidogo, wa kulia kidogo, na kinakupa miezi mingine. Begi la krimu, hata baada ya kichwa kipya, lilibanwa hivyo likakaa wiki tatu tu. Sasa liko juu ya kabati la mama yangu Igoma, anahifadhia mashuka, na zipu haifungwi.