Kopo la tatu halikufanana na mawili ya kwanza, nikaambiwa macho yangu ndiyo mabovu

Rangi yenyewe haina kosa, nianze na hilo. Ni bluu yenye ukijani, iliyopoa, inayokaribia kijivu. Ukitaka kuijua, simama Bangwe, hapa Kigoma, asubuhi kabla upepo haujaanza, utazame ziwa. Nilikuwa nimechoka na krimu juu, kahawia chini. Nikataka sebule inipumzishe nikitoka kazini.

Makopo mawili ya lita 4 nilichanganyiwa kwa mashine kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi pale Mwanga. Fundi akapiga mkono wa kwanza, akapiga wa pili, rangi ikamwishia chini ya dirisha, ukuta wa mwisho. Nikarudi dukani na namba ileile ya rangi, nikapewa kopo la tatu. Rola ilipogusa ukuta, fundi akasimama. "Mama, hebu njoo uone."

Nikadhani ni ubichi, maana rangi ya maji ikiwa mbichi hudanganya. Tukaiacha hadi kesho yake. Wapi! Juu ya dirisha ziwa, chini yake majani ya mgomba, na katikati alama ya rola kama kiraka kwenye gauni la harusi.

Nikabeba vifuniko viwili, cha zamani na kipya, vyote vina rangi iliyokaukia ukingoni, nikapanda bodaboda. Kijana wa mashine macho yako kwenye simu, shikamoo sikuisikia. Nikamwekea vifuniko kaunta, bega kwa bega. Akavitupia jicho. "Mama, hizi zinafanana. Labda macho yako."

Mbele ya wateja! Mtoto ninayeweza kumzaa! Sikutaka hata hela yangu irudi. Nilitaka avisogeze mlangoni, penye mwanga wa jua, aangalie. Hatua nne tu. Hakuinuka.

Na yeye ndiye angepaswa kunionya. Rangi iliyopoa namna hii inasimama kwa vitone vya nyeusi, bluu na kijani. Kimoja kikizidi, imeshahama. Fundi ndiye aliyenieleza, hasara ikiwa imeshaingia: pima kuta kwanza, nunua ya kutosha kwa mara moja, makopo yote yamimine kwenye ndoo moja uyakoroge pamoja. Hilo mtu wa mashine analifahamu. Kulitamka kungemgharimu nini?

Nilikusudia kuwaambia msikanyage pale. Ila fundi alipiga ukuta wote wa dirisha kwa kopo la tatu, kona hadi kona, na kwa kuwa mwanga unaingia kwa nyuma yake, mchana ukuta ule uko kivulini, tofauti inajificha. Jioni jua likielekea milima ya Kongo, sebule nzima inatulia hadi nasahau kuwasha taa. Jirani yangu ameshaniomba namba ya fundi.

Lakini nikiwasha taa usiku, ule ukijani unatokeza, na sauti ya yule kijana nayo inarudi. Hapana, huduma yao mbaya.

Chumba cha kulala nacho nitakipaka rangi hiihii, hilo nimeshaamua. Pale dukani sijui. Makopo yao mawili ya kwanza yalikuwa sahihi kabisa, siwezi kuwanyima haki hiyo. Nikienda, nitamtafuta mwenye duka mwenyewe, na vifuniko vyangu vyote viwili mkononi.